Hifadhi ya Ubovu wa Mawemengi

Ipo nchi inaitwa Hewala. Msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani, kwa sababu wachora ramani walipokwenda kuipima waliambiwa wasubiri kibali, na kwa taarifa tulizonazo bado wamekaa kwenye benchi. Ni nchi yenye amani na utulivu. Raia wake ni watiifu, viongozi wake ni wachapakazi, na barabara zake ndizo zilizoniketisha hapa kusimulia.

Mtukufu Rais wa Hewala alisafiri kwenda ng'ambo kutibiwa jino, maana hospitali za Hewala ni nzuri mno kutumiwa kwa jino moja. Akiwa amelala huko, mdomo umejaa pamba, akaona kwenye televisheni watu waliovaa nguo za rangi kali wakirusha pikipiki juu ya vichuguu, wakitumbukia kwenye matope na kuibuka upande wa pili, huku umati ukishangilia. Akauliza kwa ishara ile ni kitu gani. Akaelezwa kuwa ni bustani ya umma ya pikipiki za porini, na kwamba watu hutoka mbali kuja kuteseka pale kwa hiari yao. Rais akatoa pamba mdomoni na kutamka maneno ambayo sasa yameandikwa kwa rangi ya dhahabu juu ya mlango wa Bunge: "Na sisi."

Habari hizo zilifika nyumbani kabla ndege yake haijatua. Wizara ya Michezo ikabadilishwa jina asubuhi ileile ikawa Wizara ya Michezo, Vilima na Burudani za Injini. Vibandiko vipya vikabandikwa milangoni, hata kwenye mlango wa chumba kimoja cha ghorofa ya chini kilichopakana na choo, alimokaa Afisa Mipango mmoja aitwaye Onesifori Bugota.

Onesifori alikuwa mtu mwema, kwa namna ile ambayo watu waoga huwa wema. Hakuwahi kumpiga mtu wala kumdhulumu mtu, na hakuwahi kumbishia mtu. Neno "ndiyo" lilikuwa limemkaa mdomoni hadi mkewe alikuwa akimuuliza kama anataka chai au uji, naye anajibu ndiyo.

Majuma machache kabla ya jino la Rais, Onesifori alikuwa amekwenda likizo kijijini kwao, Mawemengi. Barabara ya Mawemengi ilikuwa barabara kwa maana kwamba hapakuwa na nyumba juu yake. Ilianza kwa mashimo, ikaendelea kwa mawe makubwa kama mafahali waliolala, ikashuka kwenye korongo ambalo wanakijiji walilitandikia magogo yawe daraja, kisha ikapanda mlima kwa utelezi hadi kwenye zahanati. Wagonjwa wote wa Mawemengi walipita hapo. Waliofika wakiwa hai nesi aliwahesabu kuwa nusu wamepona.

Siku moja ya likizo hiyo Sikitu, mtoto wa shangazi yake, alikuwa anakwenda kupimwa mimba. Sikitu na Onesifori walilelewa nyumba moja na kula sahani moja, na wote wawili walikuwa wamechapwa na shangazi yuleyule kwa makosa ya Onesifori. Mimba hiyo ilikuwa ya kwanza, na ilikuja baada ya miaka mingi ya ndoa na maneno mengi ya watu. Mumewe, Matutu, alikuwa dereva wa bodaboda, na alimbeba mkewe kwenye ile pikipiki kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Alipanda jiwe taratibu, akateremka kwa miguu miwili, akavuka magogo huku anazungumza na pikipiki kwa sauti ya chini, akaushambulia mlima kwa mzunguko mpana. Sikitu alikuwa amefumba macho, mkono mmoja kiunoni kwa mumewe na mwingine tumboni.

Onesifori alisimama juu ya jiwe na kuwarekodi kwa simu yake. Waliporudi, Sikitu aliitazama ile video akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Kaka Onesi," alisema, "hii waonyeshe wakubwa zako huko mjini. Sisi tumeomba hadi midomo imekauka. Labda wakiona kwa macho yao watatutengenezea."

"Ndiyo," alisema Onesifori. Na hapo tumtendee haki: safari hiyo alimaanisha.

*

Kikao cha kutafuta eneo la bustani ya pikipiki kiliongozwa na Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Zebedayo Kishindo. Mheshimiwa Kishindo hakuwahi kupanda pikipiki, lakini alikuwa na sauti ya pikipiki, na alipokasirika alitoa na moshi kidogo, maana alivuta sigara.

Mapendekezo yalikuwa magumu. Wataalamu walishauri litafutwe eneo tambarare, kisha yanunuliwe mawe kutoka nje, yaletwe matope yaliyothibitishwa ubora, na aajiriwe mshauri wa kuzalisha mashimo. Waziri alikuwa akiandika kila kitu. Onesifori alikaa kwenye kona akiwa ameshika simu kwa mikono miwili. Alikuwa ameshaamua kwamba kikao kikifika kwenye mengineyo, atasimama na kuwaonyesha shida ya watu wa kwao. Alikuwa amefanya hata mazoezi ya sentensi ya kwanza mbele ya kioo cha chooni.

"Mengineyo?" aliuliza Waziri.

Onesifori akasimama. Sentensi ya kwanza ikapotea. Akanyoosha simu tu, na mtu akaiunganisha kwenye skrini ya ukutani.

Wajumbe waliitazama Mawemengi. Jiwe la kwanza lilipopandwa, mmoja akashika mdomo. Kwenye magogo, mwingine akasimama. Pikipiki ilipoushambulia mlima, Mheshimiwa Kishindo aligonga meza hadi chai ikamwagika.

"Hapa!" alinguruma. "Hapa ndipo! Mungu ametujengea bustani sisi tunataka kuagiza mashimo! Bwana Bugota, umepata wapi ubovu safi namna hii?"

Onesifori alifungua mdomo. Alitaka kusema kwamba huyu aliyefumba macho ni dada yangu na hiki kilicho tumboni mwake tumekisubiri sisi sote. Alitaka kusema kwamba tunaomba barabara. Sekunde zile zilikuwa zake. Hakuna mtu aliyemkatiza. Wakubwa wote wa wizara walikuwa wamemgeuzia nyuso, wanatabasamu, na tangu aajiriwe hakuna aliyewahi kumtazama hivyo.

"Umeutafuta wewe mwenyewe, sivyo?" aliuliza Waziri.

"Ndiyo," alisema Onesifori.

Kufikia jioni alikuwa na chumba ghorofa ya juu, mbali na choo, na kibandiko mlangoni: Mratibu wa Taifa wa Ubovu. Usiku mkewe alimwandalia pilau kumpongeza. Alikula, na kila tonge lilipita kooni kama linavuka korongo.

*

Hewala ni nchi ya kidemokrasia, na hakuna mradi unaofanyika pasipo wananchi kushirikishwa. Mkutano ukaitishwa Mawemengi. Mheshimiwa Kishindo aliwaeleza wanakijiji kwamba barabara yao sasa ni tunu ya taifa, kwamba itawekewa uzio na geti, na kwamba kuanzia siku hiyo mtu yeyote atakayefukia shimo, kung'oa jiwe au kukausha tope atashtakiwa kwa uharibifu wa mali ya umma.

"Wanaokubali wanyooshe mikono," alisema.

Mikono michache ikanyooka, ya wale waliopewa kofia.

"Wanaokataa wanyooshe mikono."

Ikanyooka msitu mzima.

"Jumla ya mikono iliyonyooshwa ni mingi sana," alisema Waziri kwa furaha. "Mwitikio wa namna hii sijawahi kuuona. Mradi umepita."

Onesifori alikuwa amesimama nyuma yake, ndani ya suti mpya, akijifanya anasoma kitu. Hakuwa na kitu mkononi, hivyo alisoma kiganja. Sikitu alimfuata mkutano ulipovunjika. Tumbo lilikuwa limekua, na alitembea ameshika mgongo.

"Kaka, uliwaonyesha?"

"Niliwaonyesha."

"Wakasema nini?"

"Walifurahi sana," alisema Onesifori, na kwa kuwa huo ulikuwa ukweli mtupu, ulimchoma kuliko uongo.

"Sasa sisi tutapita wapi?"

"Kuna utaratibu unaandaliwa."

Sikitu alitikisa kichwa akikubali. Hakukubali kwa kuwa ameelewa. Alikubali kwa kuwa anayesema ni Onesi.

Wiki zilizofuata, wataalamu walimiminika. Akaja Mkaguzi wa Mashimo, akayapa mashimo majina na kuyapiga chapa. Akaja Afisa Unyevu, kazi yake kumwagilia matope wakati wa kiangazi kwa maji ya bomba, ingawa kijiji chenyewe hakikuwa na bomba. Wanakijiji wawili waliokutwa wakijaza kokoto kwenye shimo walifungwa mwezi mmoja kwa kosa la kupunguza kina. Mwisho akaja mshauri mwelekezi, akasimama juu ya korongo, akaruka juu ya yale magogo mara moja tu, akaguna.

"Hili daraja litolewe," alisema. "Linapunguza msisimko."

Karatasi ya kuondoa daraja ilipelekwa kwa Mratibu wa Taifa wa Ubovu. Onesifori aliikalia siku kadhaa. Alikunywa maji. Alitoka kwenda kutembea na kurudi, akaikuta palepale. Alijiambia kwamba Sikitu atakuwa ameshajifungua kabla ya kazi kuanza. Alijiambia kwamba asipoidhinisha yeye ataidhinisha mwingine. Alijiambia mengi, na mtu akijiambia mengi namna hiyo huwa kuna moja analolikwepa. Akatia saini.

Picha za matangazo nazo zikapandishwa nchi nzima. Zilitokana na ile video. Mchoraji wa wizara alimfuta Sikitu, kwa sababu hakuwa amevaa kimichezo, akambakiza Matutu peke yake angani, na mkono mmoja wa mwanamke umemshika kiunoni bila mwenyewe. Chini yake pameandikwa: MAWEMENGI: TESEKA KWA RAHA. Bango moja lilisimamishwa mbele ya nyumba ya Onesifori. Akaanza kutokea mlango wa jikoni.

*

Siku ya uzinduzi, jua liliwaka vizuri na vumbi lilinyunyiziwa maji ya waridi. Waendesha pikipiki walikuwa wameletwa kutoka nchi za mbali, wamevaa kama wadudu wa thamani. Jukwaa lilipambwa na kuwekewa skrini kubwa. Kutoka barabara kuu hadi jukwaani, mahali gari la Mtukufu Rais litakapopita, greda jipya la serikali lilikuwa limesawazisha njia hadi ikalala kama shuka. Kila mtu aliisifu njia hiyo, na hakuna aliyepata wazo la kuuliza kwa nini iliishia jukwaani.

Onesifori alipangwa kwenye mstari wa kusalimiana na Rais. Aliambiwa asisogee. Alikuwa amesimama hapo anafuta jasho kwa leso wakati Koplo Fungo, mlinzi wa geti, alipomjia mbio.

"Mratibu, pale getini kuna mtu analeta fujo. Anasema ni shemeji yako."

Onesifori aligeuza shingo. Ng'ambo ya kamba aliiona pikipiki ya Matutu. Sikitu alikuwa nyuma, ameinama mbele, paji la uso limegusa mgongo wa mumewe.

Akaponyoka kwenye mstari.

"Shemeji, uchungu umemshika tangu alfajiri," alisema Matutu. Midomo ilikuwa imemkauka. "Huyu bwana ananiuliza kama nimekuja kwa mashindano au kwa burudani!"

"Ndiyo makundi yaliyopo," alijitetea Koplo Fungo. "Kundi la uzazi halipo. Na mama hana helmeti, hana buti, hana kinga ya magoti. Akiumia mimi ndiye nitaulizwa. Mratibu, kanuni si umezipitisha wewe?"

Onesifori alizipitisha yeye.

"Fungua tu apite," alisema kwa sauti ndogo.

"Mkubwa, nikifungua wataingia njiani wakati Mtukufu Rais anaanza hotuba. Nikimkatiza Rais kwa mlio wa bodaboda..." Koplo hakumaliza. Hapakuwa na haja.

Sikitu aliinua uso. Ulikuwa umelowa. "Kaka Onesi," alisema, "tufanyeje?"

Kutoka jukwaani, vipaza sauti vilikohoa. Mheshimiwa Kishindo alikuwa anamtafuta kwa macho, ananyoosha kidole kwenye nafasi iliyoachwa wazi kwenye mstari. Onesifori aliitazama ile nafasi. Akamtazama dada yake. Msomaji anaweza kuwa ameshaamua yeye angefanya nini, nami nampongeza. Onesifori alisema:

"Subirini kidogo. Hotuba si ndefu. Akimaliza tu nitawapitisha mimi mwenyewe."

"Haya," alisema Sikitu. "Tusubiri, Matutu. Kaka amesema."

Onesifori akarudi kwenye mstari.

Hotuba ya Mtukufu Rais ilianza na historia ya gurudumu. Ikapita kwenye jino. Ikaeleza kwamba mataifa mengine yalitumia fedha nyingi kuleta hatari, ilhali Hewala, kwa uongozi thabiti, imeilinda hatari yake tangu uhuru bila kuigusa. Makofi. Ikaeleza kwamba mwananchi aliyezoea shimo hawezi kutishwa na adui. Makofi. Onesifori alipiga makofi pamoja na wenzake, na kila alipopiga alijaribu kutazama getini bila kugeuza kichwa. Hakuweza. Aliona bega la mwenzake tu.

Kelele ilizuka getini kabla hotuba haijafika katikati. Matutu alikuwa amechoka kusubiri. Aliirudisha pikipiki nyuma, akaizungusha pembeni ya uzio, akaingia njiani, na mkewe amemshika. Waendesha pikipiki wa kigeni, wakidhani ndiyo ishara, wakawasha nao wakamfuata kwa kishindo. Umati ukalipuka kwa shangwe. Rais, akiona watu wamesimama na kushangilia, alidhani ni kwa ajili ya hotuba, akainua mikono yote miwili.

Matutu alipanda jiwe la kwanza taratibu, wageni wakimpita kushoto na kulia. Alipita la pili. Kwenye mashimo yaliyopigwa chapa alimshusha mkewe, akaisukuma pikipiki, akampandisha tena. Wageni wakaanguka mmoja baada ya mwingine, yeye alisonga. Kisha akafika korongoni, mahali palipokuwa na magogo, na Onesifori akiwa kwenye mstari aliiona kwenye skrini kubwa ile pikipiki ikisimama ukingoni.

Hapo ndipo alipokimbia. Alipita mbele ya Rais, jambo ambalo katika Hewala lina adhabu yake, akakata kamba, akakimbia na viatu vipya juu ya mawe yote ya utoto wake. Alipofika, Sikitu alikuwa chini kabisa ya korongo, kwenye tope lililomwagiliwa na Afisa Unyevu. Alikuwa ameteremka mwenyewe kwa makalio, ameshika mizizi. Nesi wa zahanati alikuwa ameshuka kutoka upande wa pili na kupiga magoti mbele yake.

Mtoto alikuwa wa kike. Nesi alimsugua, akampulizia, akamgeuza, akamsugua tena. Alifanya hivyo kwa muda mrefu. Kisha akaacha, akamfunga kwenye khanga, akamweka kwenye mikono ya mama yake.

Juu, kwenye jukwaa, walihitaji mshindi. Wageni wote walikuwa wameanguka. Wakamfuata Matutu mlangoni mwa zahanati, alikokuwa amemfikisha mkewe akiwa amembeba mgongoni, wakamleta kwa gari hadi mbele ya Rais, na nguo zake zina tope na damu, jambo lililowapendeza wapiga picha. Akakabidhiwa kombe. Mshereheshaji akamwekea kipaza sauti mdomoni na kumwambia aseme neno moja kwa taifa.

"Mwanangu amekufa," alisema Matutu.

Kwenye ratiba iliyochapwa, baada ya neno la mshindi palikuwa pameandikwa: makofi. Umati ukapiga makofi. Onesifori alikuwa amerudi, amesimama pembeni mwa jukwaa. Alisikia makofi mengine yakitoka karibu yake sana. Akatazama chini akaona ni mikono yake.

*

Wizara ilituma rambirambi: katoni ya fulana zilizobaki kwenye uzinduzi.

Onesifori alimkuta Sikitu amekaa kwenye mkeka, kifua kimefungwa kitambaa kwa sababu ya maziwa. Wanawake waliokuwa naye walitoka nje walipomwona. Alipiga magoti.

"Ulisema tusubiri," alisema Sikitu. Hakupandisha sauti. "Matutu alitaka kupita palepale. Mimi ndiye niliyemzuia. Angekuwa amesema yule askari, nisingemsikiliza. Lakini ulisema wewe."

Onesifori alitoka pale akatembea bila kujua anakokwenda, na miguu ikampeleka jukwaani. Mafundi walikuwa wanafungua mapambo. Lile greda lilikuwa bado limeegeshwa mwisho wa njia ya Rais, na mwendeshaji wake, Bwana Shilatu, alikuwa amelala chini ya kivuli chake.

"Amka," alisema Onesifori. "Kuna kazi. Sawazisha kuanzia hapa hadi zahanati. Mawe ng'oa, mashimo fukia, korongo jaza kifusi."

Shilatu alijifuta macho. "Ile hifadhi? Amri ya nani?"

"Ya juu."

"Juu wapi?"

"Juu kabisa."

Hakuwahi kudanganya kwa sauti imara namna ile. Shilatu alipiga saluti, ingawa hakuwa askari, akawasha mtambo. Walifanya kazi kutwa nzima na siku zilizofuata. Wanakijiji walitoka na majembe, mwanzoni kwa woga, wakitazama pande zote kama kuna atakayewafunga kwa kupunguza kina. Baadaye hawakutazama tena. Onesifori alibeba mawe pamoja nao hadi viganja vikachubuka. Hakuna aliyemsemesha.

Ilipokwisha, alirudi mjini, akafungasha mfuko: mswaki, fulana, shuka. Akamuaga mkewe, akakaa uani kusubiri kukamatwa.

Mjini, Mheshimiwa Kishindo alikuwa amepata taarifa na rangi imemtoka. Ila aliposikia kwamba amri ilitoka juu kabisa, alinyamaza. Hakuweza kumuuliza Rais kama ndiye aliyeamuru, kwa sababu waziri asiyejua alichoamuru Rais si waziri. Akamwandikia Rais barua ya kumpongeza. Rais akaipokea barua hiyo kifungua kinywa kikiendelea. Yeye huamuru mambo mengi kwa siku, na hili lilifanana naye. Akaamuru barabara ipewe jina lake, na aliyeisimamia atunukiwe.

Gari la serikali lilipoingia uani, Onesifori alisimama akanyoosha mikono yote miwili mbele ili afungwe pingu. Dereva akaishika kwa heshima akamwamkia.

"Hongera, Mkurugenzi," alisema.

Onesifori alikwenda moja kwa moja kwa Waziri. "Mheshimiwa, hakukuwa na amri. Nilidanganya."

"Unyenyekevu huo ndio tunaoutaka," alisema Kishindo akicheka.

"Na yule mtoto. Mama yake nilimwambia mimi asubiri. Daraja nililiondoa mimi. Hata ile video walinipa niwaombee barabara, nikanyamaza."

Waziri alizima sigara, akamwendea, akamshika bega kwa upole kabisa. "Bugota, sikiliza. Daraja uliliondoa kwa saini halali. Kusubiri ni utaratibu, na wewe uliufuata. Kunyamaza si kosa katika sheria yoyote ya Hewala. Nimetafuta. Huna kosa, ndugu yangu. Nenda kapumzike."

Alijaribu polisi, wakamletea kiti. Alijaribu kwa kasisi wa wizara. Akaambiwa dhambi zake zimeshasamehewa na ofisi. Kila mlango alioubisha ulifunguliwa na mtu anayetabasamu.

Akaenda Mawemengi. Alishuka kwenye gari mbali na kijiji, akatembea. Pikipiki zilimpita, zimebeba watu na magunia, hakuna aliyeshika kitu kwa kuogopa. Alimkuta Sikitu nyuma ya nyumba anapukuchua mahindi kwenye ungo. Matutu alikuwa anaosha pikipiki. Alimwona, akaacha tambara kwenye ndoo, akaenda zake ndani. Onesifori alikaa chini, upande wa pili wa ungo.

"Nimewaambia wakubwa," alisema. "Nimewaambia yote. Wote wanasema sina kosa."

Sikitu hakuinua macho. Punje zilikuwa zinadondoka.

"Na mimi umekuja nikuambie hivyohivyo?"

Kwa mara ya kwanza maishani, lile neno la Onesifori lilikataa kutoka.

"Kosa unalo, kaka," alisema Sikitu. "Unalo."

Akalia hapo hapo, mbele ya kuku na mbele ya dereva wa serikali aliyekuwa amemfuata na mwavuli. Alilia kama mtu aliyetuliwa mzigo, na kama mtu aliyetwishwa, na sidhani mwenyewe alijua tofauti. Sikitu alimwacha. Hakumbembeleza, hakumfukuza. Jua lilipoanza kumchoma kaka yake usoni, aliusukuma ungo kidogo hadi ukagusa magoti yake, akamtupia hindi moja.

"Pukuchua," alisema.